Kabila la Muuaji wa Mwalimu Ogunbiyi

Gaa Jibbo, Oke-Iroko
17 Februari 1997

Mdogo wangu Ramatu,

Nakusalimu wewe, shemeji Adebisi na mwanenu Wuraola. Natumaini Idd iliwakuta salama huko Ibadan. Sisi tunapumua. Baaba goti linamsumbua lakini fimbo hataki, anasema mkuu wa gaa, kambi nzima ya wafugaji, hawezi kutembea mbele ya watu kama kiwete. Inna anakohoa asubuhi. Baba yetu mdogo, Bappa Njidda, anakuulizia kila nikirudi mjini, kana kwamba mimi nakuona kila wiki. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Habari ya Mwalimu Ogunbiyi unayo, kwa sababu imepita mezani kwenu. Lakini nikueleze kama tulivyoipata sisi. Alhamisi ya tarehe sita, basi la kutoka Iseyin lilisimamishwa darajani na watu wanne waliofunika nyuso. Walitaka mikoba. Mwalimu alikataa kutoa wake, ulikuwa na karatasi za mitihani za watoto. Wakampiga risasi ya kifua. Mwindaji mmoja aliyekuwa abiria akafyatua gobore lake, nao wakakimbilia porini. Mwalimu alifia kwenye kiti cha basi, Ramatu. Yule aliyetufundisha mimi na wewe kushika kalamu.

Jumamosi likafika gazeti lenu. WAFULANI WAMUUA MWALIMU OKE-IROKO. Herufi zilikuwa kubwa kuliko jina la gazeti lenyewe.

Inna hakujua. Alijitwika ungo wa wara, jibini yake, kama siku zote akaenda sokoni. Iya Sikira, ambaye amekuwa akinunua jibini kwake miaka kumi na tisa, aliusukuma ule ungo kwa mguu. Akamwambia, "Rudi nayo, mama Yero. Leo hatuli vya mikono yenu." Inna alijitwika ungo wake tena. Alirudi nayo yote, akawamwagia mbwa, na tangu siku hiyo hajaenda tena.

Wewe unafanya kazi humo. Sikuombi kitu kikubwa. Nataka jina la mtu aliyeliweka lile neno pale juu.

Barua hii nimempa Lamidi dereva, ataiacha getini kwenu.

Kaka yako,
Yero

*

Ibadan
11 Machi 1997

Kaka Yero,

Nisamehe kwa kuchelewa. Wuraola alishikwa na surua, nikawa nakesha naye wiki nzima. Sasa anakula na kugombana na watoto wa jirani, kwa hiyo amepona. Adebisi anawasalimu. Shule yao haijafunguliwa, walimu wamegoma, amekuwa mpishi wa nyumba na anatia pilipili kama mtu anayetaka kutufukuza. Mwambie Inna dawa ya kifua nimeifunga kwenye kitambaa cha bluu, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Kuhusu Mwalimu nimelia mpaka nikachoka. Nilimwona mara ya mwisho mwaka juzi kituo cha magari cha Sango. Aliniambia anasoma gazeti letu na kutia alama nyekundu kwenye makosa.

Sasa hilo uliloniuliza. Naomba unisikilize bila hasira. Mwandishi wetu Folarin alizungumza na utingo wa lile basi, aliyekuwa bado na damu ya Mwalimu kwenye shati. Utingo alisema amewasikia wale watu wakisemeshana Kifulani. Si tetesi ya sokoni, ni shahidi aliyekuwepo. Gazeti likishaambiwa jambo na shahidi, lina haki gani ya kuchagua lipi msomaji ajue na lipi asijue? Watu wanaopita barabara ile wanataka kujua wajihadhari na nani. Tukianza kuficha, watasema tunaficha, na watakayoyabuni wenyewe yatakuwa mabaya zaidi.

Kichwa cha habari hakiandikwi na mtu mmoja, Kaka. Habari inapita mikono mingi kabla ya kufika mtamboni.

Naumia kwa yaliyompata Inna. Iya Sikira atatulia. Mwambie apumzike nyumbani kidogo mpaka upepo upite.

Wasalimie Baaba na Bappa Njidda. Mwambie Bappa sijasahau kigoda alichoniahidi.

Ramatu

*

Gaa Jibbo
24 Machi 1997

Ramatu,

Tumepokea dawa. Inna anashukuru. Mvua ya kwanza imenyesha juzi, malisho yataanza kurudi. Baaba mkono wake wa kushoto umefungwa ubao. Nitakueleza sababu.

Bappa Njidda hatakuchongea kigoda. Barua yako umeiandika siku mbili baada ya sisi kumzika.

Tarehe ishirini na nane Februari walimzika Mwalimu. Baaba alisema twende, huyu ni mwalimu wa watoto wetu. Mzee wa mji akatutumia ujumbe kwa heshima kwamba tusije, hawezi kuwazuia vijana. Tukabaki. Adhuhuri wakaja wenyewe, kama sitini, wengine bado wamevaa vitambaa vya msiba. Walichoma vibanda vitatu na ghala la pumba. Baaba alisimama mbele yao, akapigwa rungu mkononi. Bappa Njidda alikuwa anamtoa ndama ghalani, jiwe likampata nyuma ya sikio. Aliishi siku tisa. Siku ya saba alizungumza vizuri kabisa, akawa anasimulia jinsi alivyokuwa akikupakia kwenye baiskeli kukupeleka shule, na wewe unamkataza kupiga kengele kwa sababu wenzako watacheka. Siku ya tisa hakuamka.

Mmoja wao alikuwa na gazeti lenu limekunjwa mfukoni mwa nyuma. Nililiona kwa macho yangu.

Unaniambia msomaji ana haki ya kujua. Sawa. Nimekaa na magazeti yenu ya tangu Krismasi, Lamidi huniletea ya zamani tufungie chanjo za mifugo kazini. Benki iliyovunjwa Ibadan mwezi wa kwanza: "majambazi wenye silaha". Msichana aliyeuawa Ogbomoso: "watu wasiojulikana", na baadaye "washukiwa watatu". Karani aliyeiba dawa za hospitali: "mfanyakazi mmoja". Hao hawana makabila? Walizaliwa na nani? Katika gazeti lenu ni sisi tu ambao tuna kabila.

Na umenijibu kila kitu isipokuwa nilichokuuliza. Narudia. Ni nani?

Yero

*

Ibadan
14 Aprili 1997

Kaka Yero,

Sijui nianze na salamu gani. Wuraola ameuliza kwa nini silali, nimemwambia ni joto. Mwenyezi Mungu amrehemu Bappa. Mwambie Baaba nauguza mkono wake kutoka huku. Idd Kubwa ni wiki hii na sitachinja.

Ni mimi.

Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi na kuchana karatasi. Ni mimi, Kaka. Habari ya Folarin ilifika mezani kwangu saa kumi na moja jioni. Yeye alikuwa ameandika "majambazi", na chini kabisa, aya ya tisa, maneno ya yule utingo. Nikaweka kichwa: MWALIMU AUAWA DARAJANI. Bwana Adegoroye, mhariri mkuu, akasimama nyuma ya kiti changu na kusoma. Katika ofisi ile ni yeye peke yake anayejua baba yangu ni nani. Kwa wengine mimi ni Bi Adebisi tu, Myoruba kama mume wangu, na sijawahi kuwasahihisha. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa upole kabisa, "Hii aya ya tisa umeiacha chini kwa sababu za kazi, au kwa sababu ni ndugu zako?"

Hakuniamuru kitu. Hilo ndilo linaloniumiza. Angeniamuru ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Aliuliza tu, kisha akaenda kunywa chai. Nikashika kalamu, nikakata kichwa kile, nikaandika kile ulichokiona. Nilitaka akirudi aone kwamba sifichi. Aliporudi akasema, "Sawa." Basi. Tukaenda nyumbani.

Sikujua ni Mwalimu wetu mpaka nilipofika kwenye jina, na hata hapo sikusimama.

Sina la kujitetea kuhusu Bappa. Lakini nina swali, na usilikwepe kama mimi nilivyolikwepa lako. Nimezisoma barua zako zote mbili tena na tena. Umelalamikia neno, herufi, ukubwa wake. Hakuna mahali ulipoandika kwamba wale watu hawakuwa Wafulani. Kama ungeamini kuwa ni uongo ungeanza na hilo. Kuna nini, Kaka?

Inna anajua kuwa ni mimi?

Ramatu

*

Gaa Jibbo
3 Juni 1997

Ramatu,

Umengoja wiki saba. Kwanza nilitaka nisikuandikie tena maisha yangu yote. Halafu nikaona sina ubavu huo, kwa sababu uliyoniuliza yananihusu.

Inna hajui. Nimemwambia bado unatafuta jina.

Sasa soma. Ijumaa ile, asubuhi baada ya mauaji, Gidado alikuja kwangu. Gidado wetu, wa Shangazi Kumbo. Alikuwa anachechemea. Akasema wawindaji wamemdhania ni paa, wamemfyatulia. Nikamlaza juu ya meza ninayotibia mbuzi, nikamtoa marisau saba, vipunje vya risasi, pajani, nikamshona kwa uzi wa ng'ombe. Hakupiga kelele hata mara moja. Mchana ndipo nikasikia habari ya basi na ya mwindaji mwenye gobore. Nikaketi chini pale pale nilipokuwa.

Sikuzungumza na mtu. Jumamosi asubuhi nikapanda baiskeli kwenda kituo cha polisi kumtaja. Naapa mbele ya Mungu, nilikuwa nakwenda. Pale kituoni palikuwa na watu kama ishirini, na mmoja anawasomea gazeti kwa sauti. Alikuwa anasoma hilo neno lako. Mzee mmoja, fundi wa baiskeli anayenijua tangu utotoni, akaniangalia, kisha akaangalia chini. Mwingine akasema, "Wanatoka gaa ipi hawa? Tuanzie ipi?" Nikageuza baiskeli.

Nilijiambia nikimtaja Gidado mmoja, nitakuwa nimewapa gaa nzima. Kama mgeandika "majambazi", Gidado angekuwa jambazi, na ningemkabidhi kwa mkono wangu siku ile. Mlipoandika "Wafulani", akawa ndugu yangu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Pengine ni uongo ninaojidanganya, pengine ningeogopa vilevile. Lakini nilinyamaza, vijana wakaja, na Bappa alikufa huku mimi nikijua jina. Wewe uliandika na mimi nikanyamaza, sijui ni nani kati yetu aliyemuua zaidi.

Ijumaa iliyopita nilimwambia Baaba. Aliinuka polepole kwa lile goti lake. Kisha akaomba kofia yake. Tulikwenda pamoja kwa mzee wa mji, na mimi nikasema yote mbele ya baraza. Polisi walimchukua Gidado Jumapili akiwa anakamua. Naye akawataja wenzake kabla ya jioni. Mmoja ni Demmo Sule, kutoka ng'ambo ya mto. Wawili ni wa hapa hapa mjini: Gbolahan Ayinla wa kituo cha mabasi, na Rasaki Oyewusi aliyekuwa darasa moja na mimi. Bunduki ilikuwa ya Gbolahan. Aliyemfyatulia Mwalimu ni nani kati yao, kila mmoja anamsingizia mwenzake.

Shangazi Kumbo amekuja kunitemea mate mlangoni. Sikujipangusa mpaka alipoondoka.

Habari itafika mezani kwenu. Nangoja kuona mtakavyoiandika.

Yero

*

Ibadan
19 Juni 1997

Kaka Yero,

Salamu kwako na kwa Baaba, na pole kwa mlango wako. Adebisi nimemwambia yote sasa, ya kwangu na ya kwako. Alisikiliza mpaka mwisho, akafua nguo zote za nyumba hii.

Ndani ya bahasha hii kuna ukurasa wa kwanza wa tarehe kumi na mbili. WANNE WAKAMATWA KWA MAUAJI YA MWALIMU. Majina yote manne, umri na mahali wanapoishi, kwa mfuatano wa alfabeti. Kabila halimo, la yeyote.

Bwana Adegoroye aliusoma kabla haujachapwa, akacheka. "Mwezi wa pili uliliandika kabila," akasema. "Sasa wamepatikana Wayoruba wawili, limeacha kuwa habari?"

Nikamwambia anasema kweli, na kwamba halikuwa habari mwezi wa pili pia. Utingo alisikia lugha. Tungeweza kuandika kwamba polisi wanawatafuta watu wanne, baadhi yao walisikika wakisema Kifulani, na tukaishia hapo, ndani ya habari, mahali ambapo maneno hayo yanamsaidia anayetafuta. Sisi tuliyaweka mahali ambapo yanawahukumu watu ambao hawakuwa kwenye daraja. Wenzangu waliacha kuchapa. Nikawaambia pia kwamba jina la baba yangu ni Ardo Jibbo, wa Oke-Iroko, na kwamba vijana waliochoma vibanda vyetu walimuua mdogo wake.

Folarin alisimama akaniletea maji. Wengine waliendelea na kazi zao. Bwana Adegoroye akasaini ukurasa bila kuubadilisha.

Wewe nimekuita "mkazi mmoja aliyetoa taarifa".

Ramatu

*

Gaa Jibbo
8 Julai 1997

Mdogo wangu Ramatu,

Mvua ni nyingi, nyasi zimefika magotini. Inna kikohozi kimemwacha. Shangazi Kumbo amehamisha ng'ombe wake wote, amekwenda kwa wakwe zake upande wa Kwara, na hakuaga.

Ukurasa wako niliusoma sokoni, nimesimama, nikisikiliza. Nikwambie kweli, haukuwazuia watu. Lamidi aliusoma kwa sauti, na alipotaja Gidado mtu akasema, "Mnasikia jina?" Alipotaja Gbolahan mwingine akasema kijana wa watu amepotoshwa. Lakini ubishi ulikuwa ubishi. Walibishana wao kwa wao, mpaka mke wa Rasaki akapita na wote wakanyamaza. Hakuna aliyeuliza waanzie gaa ipi. Nililala usingizi siku hiyo.

Juzi mjane wa Mwalimu alikuja hapa kwa miguu. Alikaa na Inna muda mrefu, sikujua walichozungumza. Akitoka akasimama mbele yangu, akaniuliza kama ni mimi niliyemshona yule kijana. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni mimi niliyemtaja. Nikasema ndiyo. Akaniuliza, "Kati ya siku hizo mbili ulikuwa unafanya nini?" Aliondoka bila kungoja jibu.

Sasa nina ombi, na utaniona kigeugeu. "Mkazi mmoja." Nimelisoma mara nyingi hilo. Najua umenificha kwa kunilinda. Lakini hapa mjini bado wapo wanaosema sisi tulijua wote tukanyamaza wote, na kwamba polisi waliambiwa na mwindaji. Kesi itaanza mwezi huu. Mkiandika tena, mara moja tu, andika kwamba aliyetoa jina la kwanza ni Mfulani wa Gaa Jibbo. Weka na jina langu ukitaka. Neno lile lile lililotuchomea vibanda, liwekwe mara moja mahali pa haki.

Yero

*

Ibadan
25 Julai 1997

Kaka Yero,

Salamu zenu zimefika, na habari ya mjane nimeisoma nikiwa nimekaa sakafuni. Wuraola hajambo. Amejifunza kuandika jina lake na ameliandika ukutani.

Kesi ilitajwa jana. Nimeiandika habari mwenyewe. Nilijadiliana na nafsi yangu siku tatu, kwa sababu unaniomba nifanye kwa wema kile nilichokifanya kwa ubaya. Mwisho nikaona mtu ana haki ya kujitambulisha kama apendavyo, na wewe umejitambulisha. Nikaandika aya moja: "Jina la kwanza lilitolewa barazani na Yero Jibbo, msaidizi wa daktari wa mifugo, Mfulani wa Gaa Jibbo, ambaye mmoja wa washtakiwa ni binamu yake."

Bwana Adegoroye aliisoma habari yote akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, mahali pale pale. Akachukua kalamu yake. Jina lako akaliacha. Kazi yako akaiacha. "Mfulani wa Gaa Jibbo" akayakata kwa mstari mmoja ulionyooka, na maneno ya binamu akayakata vilevile.

Nikamuuliza kwa nini.

Akasema, "Kabila lake halimhusu msomaji, Bi Adebisi."

Hakuwa anadhihaki. Nilimtazama usoni kuhakikisha. Alikuwa ananifundisha somo langu mwenyewe, na aliamini ananitendea haki. Gazeti limetoka leo likiwa hivyo. Sokoni kwenu watasoma kwamba mtu mmoja aitwaye Yero alisema kweli.

Nimeandika barua ya kuacha kazi na kuiweka mezani kwake. Labda nitajuta. Adebisi anasema bado hajapokea mshahara tangu mgomo uanze, lakini amesema hivyo huku akinishushia sanduku kutoka juu ya kabati.

Nakuja Alhamisi kwa basi la Lamidi, pamoja na Wuraola. Nitapita daraja lile. Nikifika nitakwenda kwanza kaburini kwa Bappa, halafu kwa mjane. Wewe usije kunipokea stendi.

Na lile jina ambalo Inna anadhani bado nalitafuta, usimwambie. Mwambie tu nimelipata, na nakuja nalo.

Ramatu Ardo Jibbo